Maswali ya Wasomaji: Tairi liwekwe upepo kiasi gani, na upimwe saa ngapi?

Safari za sikukuu zinakaribia, na barua nyingi za mwezi huu zimeuliza habari za matairi. Tumechagua zinazomhusu mwenye gari dogo la nyumbani. Za malori na daladala tumeziweka kando kwa sasa, maana hesabu zake ni nyingine kabisa.

Gari langu ni dogo la milango mitano, limetoka Japani. Kila nikienda kwa fundi pancha wa hapa mtaani ananijazia 40, anasema barabara zetu mbovu zinataka tairi gumu. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa 220 na maandishi ya Kijapani. Nimsikilize nani?
*Mama wa watoto wawili, Njiro, Arusha*

Kisikilize kibandiko, mama. Hiyo 220 ni kPa, na geji nyingi za hapa zinasoma psi; vyote viwili ni vizio vya nguvu ya upepo. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kwa hiyo 220 ni psi 32. Kwa haraka: 200 ni 29, 210 ni kama 30 na nusu, 230 ni 33, 240 ni 35, 250 ni 36. Pembeni ya 220 huenda ukaona 2.2 kwenye mabano. Ni kiasi kilekile kwa kizio kingine wanachotumia Wajapani. Mstari wenye herufi 前 ni wa matairi ya mbele, wenye 後 ni wa nyuma. Angalia yote miwili, maana magari mengine namba za mbele na nyuma hazilingani.

Kibandiko hicho kinakaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pale mlango unapojifungia. Gari likiwa limepigwa rangi upya mara nyingi kimefunikwa. Tafuta basi kwenye kitabu cha gari au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kumbuka pia kwamba namba ile ni ya saizi ya tairi iliyoandikwa hapohapo. Kama gari limewekewa spoti rimu kubwa na tairi jembamba la ubavu mfupi, kibandiko hakikuhusu moja kwa moja. Mpelekee muuza matairi anayejua kusoma jedwali la uwezo wa kubeba.

Sasa hiyo 40 inatoka wapi? Mara nyingi inatoka ubavuni mwa tairi, ambako pameandikwa kiwango cha juu kabisa, kwa kawaida psi 44 au 51. Huo ni ukomo ambao tairi lenyewe lisivushwe. Kuhusu gari lako pale hapasemi kitu, kwani tairi lile lile linaweza kufungwa kwenye gari la kilo 900 au la kilo 1,400.

Na hoja ya barabara mbovu imegeuzwa kichwa chini. Tairi lenye 40 kwenye gari jepesi linaruka juu ya kokoto badala ya kuzilalia. Kila tuta na kila shimo linapigwa moja kwa moja kwenye shokapu na bushi. Sehemu inayogusa lami inapungua, hivyo mvua ikinyesha breki zinachelewa kushika. Tairi nalo linalika katikati huku pembeni kukiwa na kashata nzima, yaani ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara. Likiwa na upepo mdogo mambo yanakuwa kinyume: linalika mabega yote mawili na kubaki zima katikati. Likilika bega moja tu, upepo hauna kosa. Nenda kapime wili alaimenti, yaani kama magurudumu yamenyooka.

Kupima kwenyewe kunataka tairi la baridi. Baridi maana yake gari limesimama saa tatu au zaidi, au limetembea chini ya kilomita mbili hivi, na jua halijaanza kulipiga upande mmoja. Asubuhi kabla ya kutoka ndiyo saa yake. Fungua kofia ya valvu, kandamiza geji ikiwa imenyooka. Ukisikia upepo unaendelea kutoka ujue umeishika kombo, na namba utakayosoma itakuwa ya chini kuliko ilivyo. Rudia mpaka vipimo viwili vifanane. Ukimaliza rudisha kofia. Kazi yake ni kuzuia vumbi na tope visiingie kwenye valvu.

Fundi akikaa mbali, fanya hivi. Pima nyumbani asubuhi kwa geji yako. Tuseme umekuta 28 na unataka 32, yaani zimepungua 4. Ukifika kwake tairi limeshapata moto na geji hiyohiyo inasoma 30. Mwambie aongeze 4, ifike 34. Kesho asubuhi utakuta 32.

Jambo la mwisho, nalo wengi hawalioni. Bunduki nyingi za kujazia upepo zina geji juu yake, na fundi akiwa amebana kifyatulio geji hiyo inaonyesha nguvu ya upepo ulio kwenye mpira wa kompresa, siyo ulio ndani ya tairi. Aachie kwanza, sindano itulie, ndipo asome. Na geji ya kijiweni inaangushwa chini siku nzima. Tumeona zinazotofautiana psi 5 kwenye tairi moja. Nunua ya kwako, uiweke kwenye kisanduku cha mbele, na usiiazime.

Kila Desemba tunatoka Dar kwenda nyumbani, watu saba na mizigo. Mwaka jana tulisimama Korogwe mchana, kijana wa sheli akapima akakuta 38. Akasema joto litapasua matairi, akayapunguza yote mpaka 33 kama kibandiko kinavyosema. Mwenzangu anasema alitusaidia. Ni kweli?
*Msomaji wa Himo anayefanya kazi Dar es Salaam*

Hapana, ingawa nia yake ilikuwa njema. Hili ndilo kosa linaloongoza kwenye barabara hiyo, kwa hiyo tulieleze polepole.

Mlitoka Dar alfajiri na psi 33, hewa ikiwa nyuzi 25 hivi. Mpaka Korogwe tairi limejikunja na kujikunjua kwa saa kadhaa, lami ni ya moto, na joto la hewa ya ndani limeongezeka kwa kama nyuzi 30. Ongezeko hilo peke yake linatosha kuisogeza geji kutoka 33 hadi karibu 38. Watengenezaji wanalijua na wamelihesabu, ndiyo maana wanaandika namba ya tairi la baridi. Ile 38 ilikuwa sahihi kabisa.

Kijana alipoishusha hadi 33 ya moto, alikuachieni tairi ambalo likipoa litasoma 28 au 29, na gari lina watu saba. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Tairi lenye upepo pungufu ubavu wake unajikunja zaidi kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakozalisha joto. Joto linaachanisha mpira na nyuzi zilizofumwa ndani yake. Mkifika tambarare ya Mkomazi na Same, barabara imenyooka, mguu umekolea kwenye mafuta, tairi linapasuka, halafu watu wanalaumu upepo kuzidi.

Chukueni mfano wa tairi la 195/65R15 lenye alama 91. Hiyo 91 maana yake linabeba kilo 615, lakini likiwa na upepo wake kamili wa karibu psi 36. Ukilipunguzia upepo umelipunguzia na mzigo linaoweza kubeba, hata kama linaonekana limesimama vizuri. Kwa hiyo kabla ya safari ya watu wengi angalia kibandiko kama kina mstari wa pili wa mzigo kamili. Kama hakina, ongeza psi 3 kwa matairi ya nyuma, yakiwa baridi, bila kuvuka ukomo wa ubavuni. Mkishateremsha mizigo na watu na gari likibaki la kuzunguka mtaani, rudisheni kiwango cha kawaida.

Je, njiani msiguse kabisa? Kuna hali moja. Ukipima la moto ukakuta liko chini ya namba ya kibandiko, basi likiwa baridi liko chini zaidi, na huenda lina pancha. Ongeza mpaka namba ya kibandiko jumlisha 4, kisha pima upya asubuhi inayofuata. Na tairi moja likiwa moto kuliko mengine ukiligusa kwa kiganja, lishuku hilo kwanza. Kama siyo upepo basi ni breki inashika.

Wapo pia wanaouliza kama kupanda kutoka pwani kunahitaji kubadilisha upepo. Geji inapima tofauti ya nguvu kati ya ndani ya tairi na hewa ya nje, na hewa ya nje ni nyepesi zaidi juu. Moshi iko karibu mita 850, kwa hiyo geji itaonyesha psi 1 na nusu hivi zaidi ya Dar. Arusha, kwenye mita 1,400, ni zaidi ya psi 2. Lakini asubuhi za huku zina baridi kuliko za Dar, na kila nyuzi 5 au 6 zikishuka geji inashuka psi 1. Mwisho wa hesabu vinakaribia kufutana. Pima asubuhi ya kwanza ukishalala, rekebisha kama imetofautiana kwa psi 2 au zaidi, vinginevyo kunywa chai yako.

Tairi moja la nyuma linapungua kila wiki. Nimeshaliziba mara mbili, na fundi sasa anataka kuweka tyubu ndani. Ni tyubulesi, yaani lisilotumia tyubu.
*Majengo, Moshi*

Kwanza: tairi zima nalo hupungua, kama psi 1 kwa mwezi, wakati mwingine 2. Likipungua psi 5 kwa wiki linavuja, na kabla ya kuziba chochote ni lazima ujue linavujia wapi. Usikubali kiraka cha kubahatisha.

Lijaze hadi 40 kwa ajili ya kutafuta tu. Changanya sabuni ya unga na maji kidogo, povu liwe zito. Anza na mdomo wa valvu. Tia tone moja. Likituna na kupasuka, pini ya ndani imelegea au ina mchanga. Kuna kifunguo kidogo cha kuikazia, na inakazwa kwa vidole tu. Ukiibana kwa nguvu unakata kiraba chake. Kisha ikunje valvu yenyewe taratibu kushoto na kulia huku povu likiwa kwenye shina. Mpira wake huzeeka kwa jua na kupata mipasuko midogo ambayo hufunguka ukiikunja. Valvu ni kitu cha bei ndogo, na ilipaswa kubadilishwa kila tairi jipya linapofungwa. Watu wengi wanabakiza ya zamani ili waokoe pesa ya soda.

Baada ya hapo paka povu kuzunguka mdomo wa tairi, pale mpira unapokutana na rimu, pande zote mbili. Huku ndiko tunakoshuku zaidi kwa barua yako, kwa sababu umeziba mara mbili bila nafuu. Rimu za aluminiamu zikipata unyevu hutoa unga mweupe chini ya mdomo wa tairi, za chuma hutoa kutu, na upepo unapita humo kwa utulivu sana. Mapovu yake ni madogo kama ya maziwa yanayoanza kuchemka, na yanachukua dakika moja au mbili kuonekana, kwa hiyo usiondoke haraka. Dawa ni kulitoa tairi, kusugua ukingo wa rimu kwa brashi ya waya na msasa mpaka metali safi ionekane, kufuta vumbi, kupaka gundi ya mdomo wa tairi na kulirudisha. Rimu ikiwa imepinda kwa kugonga shimo, kusugua hakutasaidia, inyooshwe kwanza.

Mwisho kabisa paka povu kwenye kashata. Ukikuta msumari, angalia umeingia wapi. Katikati ya kashata, tundu lisilozidi milimita 6, panazibika. Ile kamba ya mpira inayochomekwa kwa nje inakufikisha nyumbani. Ziba ya kudumu ni kiraka cha umbo la uyoga kinachowekwa kwa ndani, shina lake likijaza tundu lote. Begani au ubavuni hapazibwi. Pale nyuzi zinafanya kazi ya kujikunja muda wote, na hakuna gundi inayohimili.

Tairi likishatolewa, mulika ndani kwa tochi ya simu. Ukiona unga mweusi wa mpira umejikusanya na mstari uliochubuka kuzunguka ubavu, tairi hilo liliwahi kuendeshwa likiwa halina upepo na limekwisha kwa ndani. Nje linaweza kung'aa. Litupe.

Kuhusu tyubu, kataa. Ndani ya tairi la tyubulesi kuna mikunjo ambayo haikukusudiwa kusuguana na tyubu, joto linaongezeka, na tyubu ikitoboka upepo unatoka wote kwa mkupuo kupitia tundu la valvu. Tyubulesi ikitobolewa na msumari kwa kawaida huvuja taratibu na kukupa muda wa kusimama. Kwa kuweka tyubu umeutupa muda huo.

Naitrojeni ina faida kweli?
*Sakina, Arusha*

Ndogo. Hewa tunayovuta tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Inayouzwa ni kavu na inavuja polepole kidogo, lakini inapanda na kushuka kwa joto karibu sawa na hewa ya kompresa. Kama ni bure, pokea. Kama unalipia, hiyo pesa nunua geji. Ukiongezea upepo wa kawaida juu yake hakuna kinachoharibika.

Gari langu lina taa ya njano yenye umbo la kiatu cha farasi na alama ya mshangao ndani. Mwezi wa Julai inawaka kila asubuhi, saa tano inazimika yenyewe. Fundi wa umeme anataka kubadilisha sensa zote nne.
*Ngaramtoni, Arusha*

Asiguse bado. Taa hiyo kwenye magari mengi huwaka upepo ukishuka kama asilimia 25 chini ya kiwango. Kwa kiwango cha 33 ni karibu psi 25. Matairi yako yako pungufu mwaka mzima, yanaelea juu kidogo ya mpaka. Baridi ya Julai inayavusha, na ukishaendesha yanapata joto na kurudi. Jaza asubuhi yakiwa baridi na taa itazimika baada ya kuendesha kidogo. Magari mengine yanataka ubonyeze kitufe cha kuweka upya, soma kitabu chake. Sensa mbovu huonyesha dalili tofauti: taa hupepesa kwa dakika moja hivi unapowasha gari, ndipo inabaki imewaka. Betri za sensa zipo ndani yake na baada ya miaka kadhaa huisha, kwa hiyo siku moja fundi wako atapata kazi.

Njia ya kupanda kwangu ni ya udongo, na mvua za masika gari linateleza. Kijana wangu ananishauri nipunguze upepo kama wafanyavyo madereva wa utalii.
*Mstaafu, Machame*

Shikamoo mzee. Madereva wale wana matairi yenye ubavu mrefu, na wengi wana kompresa ndani ya gari. Ubavu wa gari dogo ni mfupi, na jiwe moja likikutana na tairi la psi 20 linafika kwenye rimu. Kwa safari ya kawaida baki na namba ya kibandiko. Ukikwama kabisa unaweza kushusha matairi yanayovuta mpaka 20, utoke kwa mwendo wa taratibu bila kukata kona kali, na ujaze kabla ya kukanyaga lami. Kama huna pampu ya kujazia, usianze.

Utelezi wenyewe, mzee, mara nyingi ni kashata iliyokwisha. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vya mpira. Kashata ikilingana navyo imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha kwa barabara yoyote. Kwa tope la huko usisubiri ifike hapo. Badilisha ikibaki milimita 3.

Tairi la spea la gari langu ni jembamba kama la pikipiki. Nalo nalijaza 32?
*Tengeru*

Hapana, hilo ni psi 60, yaani 420 kPa, na ubavuni mwake pameandikwa. Kwa kuwa ni jembamba, upepo mwingi ndio unaolibebesha gari. Mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa, na ni la kukufikisha kwa fundi, siyo la kumaliza nalo wiki. Kama gari lako linavutwa na matairi ya mbele na pancha iko mbele, hamisha zima la nyuma lije mbele na jembamba ulifunge nyuma. Ni kazi ya jeki mara mbili lakini usukani hautakuvuta.

Angalia pia umri wake. Tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Spea nyingi za magari ya mtumba zina umri wa gari lenyewe, hazijawahi kushuka chini, na mpira umeshakauka. Lipime kila unapopima mengine manne, na kwa magari ambayo spea inaning'inia chini ya sakafu, ishushe walau mara moja kwa mwaka utie grisi kwenye skrubu ya kushushia. Usipofanya hivyo, tope likishakaukia pale utaikuta imeng'ang'ania.